Mjomba aliizungusha kwa kidole

Swali lenu la wiki hii linasema: muziki wote sasa uko kwenye simu, santuri ina kazi gani tena? Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Mwanjelwa, Mbeya, nikakasirika mpaka zamu yangu ikanipita. Habari za santuri zote siziwezi. Ninayoijua ni moja, na ndiyo nitakayoisema.

Ni ya Drexciya, vijana wawili weusi wa Detroit, Marekani: James Stinson na Gerald Donald. Albamu inaitwa Neptune's Lair, ilitolewa mwaka 1999 na kampuni ya muziki ya Tresor ya Berlin. Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea huko Tukuyu alipokuwa anarudi kwao alimwachia mjomba wangu, fundi redio, gramafoni mbovu na boksi la santuri kufidia deni la matengenezo. Albamu hiyo ni ya sahani mbili. Ndani ya boksi tulikuta moja tu, haina jalada, imetiwa kwenye bahasha ya kaki.

Kwa asiyeijua elektro, ndiyo aina ya muziki wao: disko na hausi hupiga besi nne sawasawa, kama mtu anayetwanga. Elektro haitwangi. Besi inaruka, inakuacha umeinua mguu, halafu inakuja kukudaka mahali usipotegemea. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wa New York walichukua sauti za kundi la Kraftwerk la Ujerumani wakazipandisha juu ya ngoma za TR-808, mashine ya kupiga ngoma ya kampuni ya Roland ya Japani iliyotengenezwa kuanzia 1980 na kusimamishwa 1983. Kule Detroit wanamuziki kina Juan Atkins walikuwa wameshaanza ya kwao. Drexciya walikuja miaka ya 1990, na hawakutaka sura zao wala majina yao yajulikane. Muziki wao haukutafuta redio. Ulipita mkono kwa mkono, na ndivyo ulivyotufikia sisi.

Kibanda cha mjomba kilikuwa nyuma ya soko la Mwanjelwa, kabla soko halijaungua mwaka 2006. Ninayoyasimulia ni ya Julai 2004, likizo, baridi ile ya kwetu ya kuvaa makoti mawili. Mkanda wa gramafoni ulikuwa umelegea kama tambi zilizopikwa. Mjomba alichukua tyubu ya lori, akaikata kwa wembe kuizunguka, akatoa pete nyembamba kama kamba ya kiatu. Alikataa kuunga kipande kwa gundi, kwa sababu kiungo kikipita kwenye mota sauti inashtuka kila mzunguko. Aliharibu pete tatu. Ya nne ilitoka na unene mmoja pande zote, akaivika. Sindano ilikuwa inarukaruka, akabandika sarafu ya shilingi hamsini kwa utepe juu ya kichwa chake. Amplifaya ilikuwa ya gari, inakula betri. Mota peke yake ndiyo iliyotegemea umeme wa ukutani.

Alikuwepo mama mmoja wa Kyela, ameleta mchele sokoni na anasubiri redio yake. Alikaa juu ya gunia lake, mgongo ukutani. Mjomba alipoweka santuri hakuuliza ni muziki gani. Baada ya muda nilisikia kandambili yake inapiga sakafu, taratibu, sawasawa na besi ile inayoruka, na haikosei. Mimi nilikuwa najaribu na kukosea.

Umeme ukakatika. Taa ikazimika, mota ikafa, sauti ikaanza kuzama, nzito, nzito zaidi, kama mtu anayevutwa chini. Nikanyoosha mkono niinue sindano.

"Acha, mwanangu," mjomba akasema.

Akaweka kidole cha shahada karibu na karatasi ya katikati, akaanza kuizungusha sahani. Mwanzo ilikuwa vurugu, sauti inapanda na kushuka. Nikawasha kibatari. Ndipo nikaona mjomba haangalii sahani, ameinamisha kichwa upande wa gunia. Anasikiliza kandambili. Yule mama hakuwa amesimamisha mguu hata kidogo. Sauti ilipozama yeye aliendelea, na mjomba akaifuata kandambili yake mpaka muziki ukarudi mahali pake. Haukuwa sawa kabisa, ulikuwa na mawimbi. Akabadilisha kidole, akabadilisha mkono, mpaka upande ule ukaisha na sindano ikabaki inakwaruza katikati.

"Ndaga fijo, fundi," yule mama akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kisha akauliza bei ya redio yake, wakabishana, akalipa, akaondoka.

Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ambayo Drexciya waliyaweka kwenye mkusanyiko wao wa mwaka 1997, The Quest. Drexciya ni nchi iliyo chini ya bahari. Wakazi wake ni watoto wa wanawake wajawazito waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa zilizokuwa zikivuka Atlantiki, watoto waliozaliwa humo humo majini wakiwa wanapumua maji. Nilifunga kitabu cha mahesabu nilichokuwa nacho mezani na sikukifungua tena siku ile. Sisi wa huku tunazijua njia za watumwa kutoka Nyasa mpaka Kilwa. Na mtu wa Kyela ana la karibu zaidi: mwaka 1887, ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa wa Karonga, waliwakimbiza Wangonde mpaka kwenye bwawa la Kambwe, wakachoma matete waliyojificha, na wengi waliishia majini kwenye mamba. Wangonde na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu. Sijui kama yule mama alisimuliwa hayo na bibi yake. Najua tu kwamba mguu wake haukukosea.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia kwamba simu inaua muziki wa namna hii. Imenibidi nifute. Mwezi uliopita nilipanda bajaji ya mtoto wa dada yangu kutoka Kabwe kwenda Uyole, na chini ya kiti kukawa kunatoka ngoma ninayoijua. Hajui Detroit, hajui Tresor. Amesema ilijileta yenyewe baada ya wimbo mwingine, akaipenda, akaihifadhi. Besi yote ilikuwemo, tena safi kuliko nilivyowahi kuisikia, na nyimbo za ile sahani ya pili ambayo hatukuwahi kuwa nayo nilizisikia kwa mara ya kwanza pale, tukiwa tumekwama nyuma ya malori. Siwezi kumwambia kijana yule kwamba hajausikia muziki.

Kwa hiyo jibu langu, ingawa nalitoa kwa shingo upande: santuri haina kazi ambayo simu haiifanyi, na mwenye simu asione haya. Ila simu yake ilizimika chaji kabla hatujafika Uyole, wimbo ukiwa katikati, na sisi wawili hatukuwa na la kufanya.

Gramafoni iliteketea pamoja na kibanda. Santuri ilikuwa nyumbani siku hiyo, ikapona, na mjomba alinipa kabla hajafariki. Tangu 2006 sijaiweka chini ya sindano. Kama kuna msomaji wa Mbeya hii, au hata Makambako, mwenye gramafoni ambayo mota yake bado inazunguka, anitafute kupitia kwenu. Mkanda usimtie wasiwasi, tyubu ya lori ninayo.