Tyubu ya kuziba chuchu: nimuwekee ng'ombe wangu ninapomkausha?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mama mfugaji huku Rungwe, nina ng'ombe wa kisasa 3, mmoja ana mimba ya miezi 7 na bado ananipa lita 12 kwa siku. Uzao uliopita alivyozaa tu robo moja ya kiwele ikavimba, maziwa yakawa yanatoka na mabonge, na ile robo haijarudi sawa mpaka leo. Jirani ananiambia kuna tyubu ya kuziba chuchu wakati wa kumkausha, eti ndo inatumika badala ya antibayotiki. Ni kweli? Na inawekwaje?

JIBU: Marahaba mama. Tyubu hiyo ipo na inasaidia kweli, ila hapo kwenye "badala ya antibayotiki" tusimame kidogo, maana kwa ng'ombe wako ndo penye hatari.

Ukimkausha, yaani ukiacha kumkamua ili apumzike kabla ya kuzaa, chuchu inajitengenezea kizibo chake chenyewe, kitu kama nta hivi. Shida ni kwamba chuchu nyingine zinakaa wazi hata wiki kadhaa, na ng'ombe anayekaushwa huku bado anatoa maziwa mengi ndo kabisa, kiwele kinajaa, maziwa yanavuja, na pale yanapotokea ndo vijidudu vinaingilia. Wiki 2 za mwanzo za kukausha na wiki 2 za mwisho kabla ya kuzaa ndo mbaya zaidi, ndo maana mtu anashangaa ng'ombe kazaa leo kesho kiwele kimevimba, kumbe ugonjwa uliingia zamani.

Sasa ile tyubu ina kama gramu 4 za uji mzito wa chumvi ya bismathi na mafuta ya parafini (sio mafuta ya taa jamani), unakaa chini ndani ya chuchu na kuziba njia. Basi. Hauui kijidudu hata kimoja. Kilichokuwemo ndani unakifungia humohumo. Huko Ulaya sheria tangu 2022 hairuhusu kumpa kila ng'ombe antibayotiki ya kinga tu, kwa hiyo wanapima, mzima anawekewa kizibo peke yake, mgonjwa anapata dawa na kizibo juu yake. Na wewe fanya hivyo: muite mtaalamu wa mifugo apime robo zote 4 kwa kile kisahani cha CMT (kipimo cha kuonyesha ugonjwa wa kiwele kwenye maziwa), maziwa yakivuta kama ute ujue kuna ugonjwa. Ile robo yako ya zamani nina wasiwasi nayo sana, usiizibe kavukavu bila kupima.

Kuweka ndo kazi yenyewe, na hapa nakuomba usikimbizane. Wiki moja kabla punguza pumba ili maziwa yashuke, maji usimnyime. Siku yenyewe, kama siku 60 kabla ya kuzaa, kamua mpaka mwisho halafu nawa mikono uvae glovu, futa ncha ya kila chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, anza na chuchu za mbali ndo uje za karibu, ila kwenye kuweka geuza, anza za karibu ili mkono usiguse zilizosafishwa. Kama kuna antibayotiki inatangulia, na hiyo unaisukuma juu kwenye kiwele, kisha unafuta tena kwa spiriti. Kizibo chenyewe ingiza ncha kidogo tu, bana shina la chuchu kwa vidole viwili pale inapoungana na kiwele, sukuma taratibu, na USIKANDE kwenda juu, kinatakiwa kibaki kwenye chuchu. Baridi ya huko Rungwe inafanya uji uwe mgumu, weka tyubu mfukoni zipate joto, usizitumbukize kwenye ndoo ya maji ya moto maana maji hayo yanabeba vijidudu, na uchafu ukisukumwa ndani ng'ombe anaweza kufa ndani ya siku chache. Hii sikutishi mama, imeshatokea kwa wafugaji wakubwa wenye vifaa vyote. Kama siku hiyo mvua inanyesha na banda ni tope, ahirisha.

Ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini, asimame kama nusu saa pakavu asilale kwanza. Matandiko makavu muda wote wa kukaushwa, na kiwele ukikague kila siku kwa macho.

Akizaa, kamua kwa mkono kila chuchu mara 10 au 12 kabla ya kukamua dang'a (maziwa ya kwanza), kile kizibo kitoke. Vipande vyeupe vinaweza kuendelea kutoka siku kadhaa, usidhani ni ugonjwa ukakimbilia sindano: kizibo kinateleza kama mafuta na kiwele kinabaki baridi, ila robo ikiwa ya moto, imevimba au maziwa ni ya majimaji, hapo piga simu. Ndama akimeza kidogo hakimdhuru.