Kabla ya kumuuliza anunue nini, muulizeni anaumwa wapi

Mhariri, katika toleo la wiki iliyopita mliuliza: "Anayeanza yoga anunue nini kwanza?" Nilikuwa kwenye cherehani niliposoma, nikaiweka kando kazi ya mteja ili nijibu, kwa sababu swali lenyewe limenichoma. Limechukulia kwamba yoga inaanzia dukani. Mimi ni fundi wa kushona hapa Mombasa, mgongo wangu umeinama juu ya vitambaa vya watu tangu ujana, na nimewaona wanawake wa rika langu wakikata tamaa kabla hata ya kunyoosha mkono, kisa bei ya suruali za kubana na mikeka ya rangi waliyoiona kwenye simu. Wengine suruali hiyo hata wakipewa bure hawawezi kuivaa mbele za watu. Kwa hiyo nasema asinunue kitu. Kwanza apatikane mtu wa kumuuliza anaumwa wapi.

Nasema hivi nikijua kwamba maneno haya yanayapunguza hata mapato yangu. Mito ya usufi na mikanda ya kitambaa kigumu, vitu vinavyotumika kwenye yoga, vyote nashona. Anayeanza yoga akiambiwa anunue, huenda akaja kwangu.

Hapa Pwani ukitaja yoga, watu wanafikiria wageni wa Diani na Shela, wamejipanga mchangani asubuhi jua linapochomoza. Ni kweli wapo, na Lamu kumekuwa na tamasha la yoga linaloleta watu kutoka ng'ambo. Lakini yoga si ya wageni wa hoteli peke yao. Nairobi kuna shirika la Africa Yoga Project, lililoanza mwaka 2007, na vijana wa mitaa ya kawaida wamesomeshwa huko mpaka wakawa walimu. Na hapa mjini kwetu kuna familia za Kihindi ambazo zimekuwa zikifanya mambo haya majumbani kwao tangu enzi za babu zao, wala hazikuhitaji duka.

Kuna jambo la dini, na najua wasomaji wenu wengi wanalifikiria ingawa hamkuliuliza. Nisiliruke. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa sababu ya nyimbo za ibada ya Kihindu zinazoambatana nayo. Waziri mkuu wao wa wakati huo akaja kusema kwamba mazoezi ya mwili bila nyimbo hizo hayana tatizo. Mwaka 2017 Saudi Arabia yenyewe iliitambua yoga kuwa mchezo. Mwenye shaka amuulize mwanachuoni anayemwamini. Mimi nilimaliza shaka yangu siku ile ninayotaka kuwasimulia, na mnisamehe nikikawia hapo kidogo.

Ilikuwa karibu na tarehe 21 Juni, ile Siku ya Kimataifa ya Yoga ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwishoni mwa 2014 na ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Siku hizo mara nyingi hutolewa madarasa ya bure. La kwetu lilikuwa la wanawake watupu, kwenye ukumbi wa mtaani. Milango imefungwa, mapazia yameshushwa, mabuibui yametundikwa kwenye misumari. Nilikwenda na mama mkubwa, dada yake mamangu. Ana presha, na goti lake la kulia limekuwa likimsumbua kwa miaka. Alikuja na dera, leso mbili, na mkeka wake wa ukindu, wa chane za zambarau na kijani, ule anaoutandika wageni wakija.

Mwalimu alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha Mji wa Kale. Hakuanza na mazoezi. Alishika daftari la shule na kalamu, akachutama mbele ya kila mmoja wetu. Una presha? Sukari? Umewahi kupasuliwa? Macho yako je, daktari amewahi kukwambia yana presha ndani? Una mimba? Goti gani? Linauma ukipanda ngazi au ukishuka? Kwa mama mkubwa alikaa kuliko kwa wengine wote, na alipomaliza mama mkubwa naye akamgeuzia swali.

"Na wewe nikuulize, mwanangu. Humu kuna kuabudu?"

"Hakuna, mama. Leo hatuimbi kitu. Tutapumua na kujinyoosha, basi."

Tukaanza wima, miguu imeachana kidogo, tukisikiliza uzito unavyokaa kwenye nyayo. Lilikuwa jambo dogo mno, na bado niligundua kwamba nasimamia mguu mmoja, ule wa kukanyagia cherehani, na mwingine naukokota tu. Kisha magoti na viganja chini, mgongo unapandishwa, unashushwa, kwa pumzi ya puani, polepole. Hilo mama mkubwa alilifanya vizuri kuliko mimi. Mtu aliyerukuu na kusujudu maisha yake yote ana nyonga na vifundo vilivyozoea sakafu; hii si ibada ile, nisieleweke vibaya, lakini mwili haukuwa mgeni.

Ikaja ile ya kusukuma viganja chini na kupandisha nyonga juu, mtu anakuwa na umbo la paa la nyumba. Ukumbi ule ulikuwa wa vigae, vimepigwa deki asubuhi ile. Mama mkubwa alipoanza tu kusukuma, mkeka wa ukindu ukateleza. Viganja vikakimbilia mbele na mkeka, kifua kikashuka, na wanawake wote tukapiga ukelele. Hakuumia, alhamdulillahi, magoti yalitangulia kugusa. Lakini nilimwona usoni. Ni uso wa mtu anayejiambia kwamba haya mambo si yake na amejipeleka mwenyewe kuja kuaibika.

Hapo ndipo mwalimu alipofanya kitu ambacho sijakisahau. Hakumwambia apumzike pembeni awatazame wenzake. Alikwenda akaleta kiti cha mbao, akakisukuma mpaka mgongo wa kiti ukagusa ukuta, akamsimamisha mama mkubwa mbele yake peku juu ya vigae vikavu. "Shika pande mbili za hapa pa kukalia. Rudi nyuma hatua moja. Nyingine. Magoti yakunje, usiyakaze. Kichwa kisishuke chini ya mikono. Sasa sukuma kiti, kama unazuia mlango asiingie mtu." Mama mkubwa akasukuma. Nikaona nyonga zinarudi nyuma, na mgongo ule ambao nimeuona umepinda juu ya mbuzi ya nazi tangu nikiwa mtoto ukanyooka, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mwalimu aliweka viganja viwili karibu na mbavu zake bila kumgusa, akamwambia apumue mpaka mbavu ziifikie mikono. Zikaifikia.

Mwishoni, sisi tulilala chali. Mama mkubwa alilazwa miguu ikiwa juu ya kiti, magoti yamekunjwa, leso moja imekunjwa chini ya kichwa, nyingine amefunikwa. Alilala usingizi kabisa. Mwalimu akatuashiria tuvae taratibu.

Baadaye, tukiwa nje, nilimuuliza mwalimu kiti amekitoa wapi katika yoga, maana kwenye picha sijawahi kukiona. Akanieleza habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyezaliwa 1918 wakati wa ile homa kubwa ya mafua, akakua mgonjwa mgonjwa, malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, mwili hauna nguvu. Huyo ndiye aliyezoesha watu kutumia viti, mikanda, vipande vya mbao na mablanketi, ili asiyeweza kufika sakafuni aletewe sakafu juu. Alifariki 2014 akiwa na miaka 95. Mwalimu wetu alikuwa amesoma kwa watu wa njia hiyo.

Ndiyo maana swali lenu limenichoma. Kila kitu kilichomsaidia mama mkubwa siku ile kilikuwa tayari ndani ya ukumbi: kiti, ukuta, leso zake mwenyewe, na mtu aliyeuliza kabla ya kuamrisha. Nimewahi kusikia kwa mteja wangu kuhusu mahali ambapo ada ilikuwa kubwa na vioo vimejaa ukutani, na mkufunzi, bila kuuliza lolote, alimkandamiza mgongo ameinama mpaka akasikia umeme ukishuka mguuni. Mikeka ya pale ilikuwa mizuri sana. Dada yule mpaka leo akikata kitambaa lazima akae.

Mtu asidhani kwamba natilia shaka faida yake. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu aanze na njia zisizo za dawa, na yoga imetajwa humo pamoja na mazoezi mengine. Faida inayoonekana kwenye tafiti si muujiza, ni ya wastani, na inahitaji kudumu nayo. Mimi mwenyewe kiuno kimepungua kuuma jioni. Hakijaacha.

Sasa, nikisoma nilichoandika mpaka hapa, naona kuna msomaji ambaye nimemwacha kwenye mataa. Yuko Taveta, au Kwale ndani ndani, au Dubai anafanya kazi za nyumbani, na mwalimu wa kuchutama mbele yake na daftari hampati. Huyo nikimwambia atafute mtu wa kumuuliza, nimemfungia mlango uleule niliolalamikia. Basi ajiulize mwenyewe maswali yale yale, kwa maandishi, na mwenye presha, ugonjwa wa macho wa presha, mimba, mifupa dhaifu au diski ya uti wa mgongo iliyotoka aonane na daktari au mtaalamu wa viungo kwanza, na mambo ya kuweka kichwa chini au kusimamia mabega ayaache kabisa. Asifanye tumbo likiwa limejaa. Saa mbili au tatu baada ya kula zinatosha. Aanze na kusimama, na kupandisha na kushusha mgongo akiwa amepiga magoti juu ya leso iliyokunjwa, na kiti ukutani, na kulala miguu juu ya kiti. Kiti kiwe cha mbao au cha chuma. Vile vya plastiki vinavyopanua miguu ukivikalia, hapana. Kuvuta misuli kunasikika katikati ya nyama na kunalegea ukipumua. Maumivu makali ya kwenye kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, ni ya kuacha papo hapo. Na pumzi ikianza kumkatika, amezidisha, arudi nyuma.

Na mkeka? Kwa haki ya mama mkubwa siwezi kuukwepa. Mwalimu alikuwepo kumwinua na kumtafutia kiti. Aliye peke yake chumbani hana wa kumwinua. Sakafu kavu ya simiti, peku, inatosha kwa mambo mengi, lakini nyumba nyingi siku hizi ni vigae, na mkeka wa ukindu juu ya vigae ni hatari. Jamvi hali kadhalika, na zulia dogo lisiloshika.

Kwa hiyo, mhariri, mkinibana nijibu swali lenu kama lilivyo, nitasema anunue mkeka wa mpira. Si siku ya kwanza. Afanye kwanza majuma kadhaa ya kiti na ukuta, aone kama mwili wake unaitaka kazi hii. Usiwe mnene kama godoro, maana unayumbisha na kuchosha vifundo vya mikono; milimita nne mpaka sita zinatosha. Kwenye mitumba ya Kongowea hutokea, na uliokwisha kutumika huweza kushika kuliko mpya. Autandike pale pale chini, aweke kiganja, asukume mbele kwa nguvu, ukikimbia, auache. Vipande vya mbao asinunue, mkanda asinunue hata kwangu, leso ndefu inafanya kazi ile ile. Suruali avae anayoiweza, au dera ndani yake suruali pana, alimradi dera lisimshukie usoni akashindwa kuona mikono yake iko wapi.

Na pesa ikitosha kitu kimoja tu, kati ya mkeka na nauli ya kwenda kwa mwalimu anayeuliza, achukue nauli. Asiye na mwalimu wa kumwendea, achukue mkeka.

Msomaji wenu, fundi wa kushona,
Mombasa