Stoo ya kupanga Lexington: ukubwa gani, na uangalie nini

Ndugu, umeuliza upange stoo ya ukubwa gani Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Kwa vitu vya nyumba ya vyumba viwili vya kulala, kuvihifadhi miezi miwili hadi nyumba yako ya Lexington iwe tayari, stoo ya futi 10 kwa 10 inatosha, mradi ufungue vitanda na kusimamisha magodoro. Ya 5 kwa 10 itakubana.

Kwa kuwa unahamia Julai, lipia chumba kinachodhibitiwa joto na unyevu. Kiangazi cha Kentucky kina unyevunyevu mwingi. Sofa na magodoro huota ukungu, hasa yakibanwa ndani ya nailoni isiyopitisha hewa. Yafunike kwa shuka, yainue juu ya paleti (fremu za mbao za kuwekea mizigo), acha nafasi kidogo ukutani. Friji ikaushe kabisa, na mlango wake usifungwe.

Kabla ya kusaini, uliza kodi itakuwa kiasi gani ofa ya mwezi wa kwanza ikiisha, bima ni ya nani, na notisi ya kuhama ni siku ngapi. Ukilimbikiza deni utafungiwa mlango, kisha sheria inaruhusu vitu vipigwe mnada. Vyeti, pasipoti na karatasi za uhamiaji tembea nazo, tafadhali sana.