Cockpit hainiingizi: uliza kwanza seva inamsubiri nani

SWALI: Shikamoo fundi. Ninasimamia seva ya Ubuntu ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro, ni VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya RAM GB 1. Tunatumia Cockpit, programu ya kusimamia seva kupitia kivinjari, kwa sababu wenzangu ofisini hawajui SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kwa kuandika amri. Ukurasa wa kuingia unafunguka mara moja, lakini nikiweka jina na nenosiri unazunguka nusu dakika hivi, kisha unasema muda umekwisha. SSH inaingia ila inajivuta. Nikiiwasha seva upya inapona siku mbili tatu, halafu yale yale. Fundi tuliyemwita ameweka `IdleTimeout=600`, amezima faiwoli, na sasa anasema tufute kila kitu tuanze upya kwa laki tatu na nusu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo laki tatu na nusu kaeni nayo kwanza.

Swali hili linanifikia kila mara, linabadilika jina la programu tu: leo Cockpit, juzi Webmin, ambayo nayo ni ya kusimamia seva kwa kivinjari. Na karibu kila anayeuliza ameshapita mikononi mwa mtu aliyeliona neno "muda", akapekua faili la mipangilio akitafuta namba yoyote inayohusu muda, akaiongeza. Hapo ndipo ninapochemka. Mgonjwa yuko kwenye benchi, daktari hajaja, wewe unaleta benchi refu zaidi.

`IdleTimeout` haihusiki kabisa na shida yako. Inahesabu dakika za ukimya za mtu ambaye ameshaingia, na wewe huingii. Alichokifanya fundi wako ni hiki: siku utakayofanikiwa kuingia, ukanyanyuka kwenda kunywa chai, kivinjari chako kitakaa wazi kwa muda wa saa 10 kikiwa na mamlaka ya kuzima seva inayotunza pesa za wanachama.

Faiwoli nayo umeishaitetea mwenyewe uliposema ukurasa unafunguka mara moja. Faiwoli inayotupa pakiti kimya kimya ingekuacha ukitazama ukurasa mweupe, hata kisanduku cha jina usikione. Ile inayokataa waziwazi ingekuambia papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa. Hakuna faiwoli inayokuonesha ukurasa mzima, ikupokee nenosiri, ndipo ikumbuke kukuzuia.

Swali la kuuliza ni hili: seva inamsubiri nani? Ukibonyeza kitufe cha kuingia, Cockpit inakabidhi jina na nenosiri kwa PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji. PAM nayo inapitisha ombi kwa moduli moja moja. Moja inakagua nenosiri, nyingine inaangalia kama akaunti haijafungwa, na nyingine, iitwayo pam_systemd, inakwenda kwa systemd-logind, huduma inayotunza orodha ya walioingia, kuandikisha kikao kipya. Mazungumzo haya ya mwisho yanapita kwenye D-Bus, njia ambayo programu za ndani ya Linux huitumia kuzungumza. SSH inapita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ile sentensi yako fupi kuliko zote, kwamba SSH inajivuta, ndiyo iliyobeba jibu, na ndiyo ambayo bila shaka fundi hakuisikiliza. Milango miwili isiyohusiana ikikwama pamoja, lawama iko kwa yule wanayemtegemea wote wawili. Ungeifuta Cockpit na kuiweka upya mara kumi, SSH ingebaki inajivuta.

Mbona basi SSH inaingia na Cockpit haiingii? Zinazidiana uvumilivu. SSH kwa kawaida inampa mtu sekunde 120 kukamilisha kuingia, Cockpit inasubiri 30. Ombi la D-Bus lisilojibiwa kwa kawaida hukatwa baada ya sekunde 25, na kwa kuwa Ubuntu imeiweka pam_systemd kuwa ya hiari, PAM inaendelea na safari bila jibu lake. SSH ikishavuka hapo inakufungulia. Cockpit inakuwa imebakiwa na sekunde kama 5 za kuwasha sehemu zake zilizobaki, kwenye mashine ya GB 1, huku D-Bus yenyewe bado inaumwa. Haifiki.

(Upo mpangilio halisi wa kuongeza hizo sekunde 30. Sikuandikii, maana ukiuona utaujaribu.)

Kwenye kompyuta yako andika `time ssh jina@seva true`. Ukiona 25 na ushee, mhusika amejitaja. Ukiona 5, 10 au 20, geukia DNS, mfumo wa kutafuta anwani za majina ya mtandaoni: Linux inaipa kila seva ya DNS sekunde 5 na kurudia mara 2, hivyo mbili zilizokufa ndani ya `/etc/resolv.conf` zinatosha kukufikisha 20. Na kama majina ya watumiaji wako yanatoka LDAP (orodha ya watumiaji inayotunzwa kwenye seva nyingine), jaribu `time id jina` uone kama nayo inaganda.

Mimi natabiri 25. Basi ingia kwa SSH, subiri ikubali, na usilifunge dirisha hilo mpaka mambo yaishe. Majaribio yafanyie kwenye dirisha la pili. Andika `sudo journalctl -b | grep pam_systemd`. Unatafuta mstari unaosema "Failed to create session" pamoja na "timed out". Ukiupata, `sudo systemctl restart systemd-logind`, kisha jaribu Cockpit. Utaingia. Usirestati dbus, nitakuambia sababu sasa hivi.

Hapo utakuwa umeingia, hujapona. Kitu kinachokufa na kufufuka kwa kuwashwa upya, kikafa tena baada ya siku mbili tatu, kuna anayekiua. Chukua mstari wa kwanza kabisa wa kosa hilo, tazama saa yake, kisha soma dakika 10 zilizoutangulia. Ninashuku mambo mawili.

La kwanza ni RAM. `sudo journalctl -k | grep -i "out of memory"` itakuonesha kama kerneli, kiini cha Linux, imekuwa ikichinja programu ili mashine ipumue. Kwa GB 1 si ajabu. Weka swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 na uangalie database inakula kiasi gani.

La pili ndilo linaloniudhi: skripti ya "kusafisha RAM". Nimeikuta kwenye seva ya duka moja ikikimbia mara mbili kwa wiki usiku wa manane, inarestati huduma zote kwenye orodha ndefu ambayo aliyeinakili hakuisoma, dbus ikiwemo. Sasa, dbus haikuundwa irestatiwe wakati mashine inaendelea na kazi. Ikianza upya, waliokuwa wakizungumza kupitia kwake, logind ikiwemo, wanaweza kubaki wameshika simu iliyokatika. Asubuhi mwenye duka anaoneshwa `free -m`, anaona RAM inayotumika imepungua, anashukuru, analipa. Tena hata hiyo RAM haikuwa imejaa: Linux hutumia nafasi iliyo tupu kuhifadhi mafaili yanayosomwa mara kwa mara, na huiachia ikihitajika. Safu ya kusoma ni `available`, ile ya `free` iache. Pekua `sudo crontab -l` na folda ya `/etc/cron.d`, ambako hukaa kazi zinazojiendesha kwa ratiba. Ukikuta kitu usichokijua, muulize fundi wako ni cha nini, na akijibu "kinaongeza spidi" kifute.

Ugonjwa huu wa kuongeza namba haukuanzia kwako. Biashara moja iliniita tovuti yao imekufa kabisa. Mwanzoni ni ukurasa wa ripoti tu uliokuwa mzito, ukitoa kosa la 504 kila ikifika sekunde 60, ambao ndio muda wa kawaida wa nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti, kusubiri programu iliyo nyuma yake. Mtu akaongeza hadi 3600. Ripoti moja ikawa inamshikilia mfanyakazi mmoja wa PHP, yaani mojawapo ya nakala chache za programu inayotengeneza kurasa, kwa muda wote huo. Wahasibu, kwa kuona haifunguki, wakabonyeza tena, na tena. Wafanyakazi wa PHP wakaisha wote, na hata ukurasa wa mbele, ambao haukuwa na shida yoyote, ukakosa wa kuuhudumia. Database ilikuwa inasoma jedwali zima kwa sababu hakuna aliyeliwekea faharasa. Amri moja tu. Lakini kuitafuta amri hiyo kunahitaji kusoma logi, na kusoma logi hakuna haraka ya kubadilisha namba mbele ya mteja.

Turudi kwenye faiwoli, maana hiyo ni dharura kuliko Cockpit yenyewe. Tangu siku ilipozimwa, poti 9090, mlango wa Cockpit, iko wazi kwa dunia nzima, na zipo programu zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikibisha poti kama hizo. Usijitulize kwamba nenosiri ni refu. Mwaka 2019 iligundulika kuwa Webmin, toleo la 1.890 hadi 1.920, ilikuwa imepandikizwa mlango wa nyuma kwenye ukurasa wa kubadilisha nenosiri, uliomwezesha mtu wa nje kuendesha amri bila nenosiri lolote. Kwenye 1.890 mlango ulikuwa wazi hata kwa mipangilio ya kawaida. Toleo la 1.930 la Agosti mwaka huo ndilo lililouziba. Waliokuwa wameificha poti yao nyuma ya faiwoli walisoma habari hiyo wakiwa wamekaa.

Kwa hiyo iwashe faiwoli ya Ubuntu, ufw: `sudo ufw allow OpenSSH`, ndipo `sudo ufw enable`. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kujifungia nje. Kisha hakikisha kwa `sudo ufw status` kwamba 9090 haimo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Cockpit mtaifikia kupitia SSH: `ssh -L 9090:localhost:9090 jina@seva`, halafu kwenye kivinjari `https://localhost:9090`. Wenzako wasiojua amri watengenezee njia ya mkato kwenye desktop, wabonyeze mara mbili, waweke nenosiri, basi. Njia hii inawaondolea na shida nyingine: wanaotumia bando la simu hubadilikiwa anwani ya IP kila mara, kwa hiyo kuruhusu IP ya mtu mmoja mmoja kwenye faiwoli kungekuchosha ndani ya wiki.

Nitumie huo mstari wa kwanza wa kosa na dakika 10 za kabla yake. Nenosiri la root usinitumie, wala usimpe fundi mwingine kwa WhatsApp. Na kama huyu wa kwanza analo, libadilishe leo. `IdleTimeout` ishushe hadi 15.