Nikitazama picha za mapenzi nalia, wenzangu wananiita Bi Harusi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina mke na watoto wawili. Tangu ujana napenda sana picha za mapenzi. Mbalamwezi iliyopita, tukiwa nchi kavu, wenzangu walinikuta nafuta machozi mbele ya picha la Kihindi. Tangu siku hiyo naitwa Bi Harusi, hata dogo anayekumba maji mtumbwini ananiita hivyo. Sasa natazama kwenye simu usiku, hedifoni masikioni, mke wangu akijigeuza nazima. Juzi kaniambia: "Ukimaliza kuchati na huyo mwenzangu, utaniambia." Nilishindwa kumjibu. Je, nina kasoro? Na nyumba yangu nifanyeje? – Mvuvi, Kibirizi*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na nyumbani, maana huko ndiko kunakoungua. Mkeo anaona mwanga chini ya shuka, anajigeuza, mwanga unazimwa. Unataka afikirie nini? Na kazi yako ni ya usiku. Siku za giza zote uko ziwani na taa zako, yeye yuko peke yake na watoto. Zile siku chache za mbalamwezi, dagaa wasipofuata taa, ndizo anazozingojea. Zikifika unampa mgongo na hedifoni. Mimi pia ningeuliza huyo mwenzangu ni nani.

Leo hii, watoto wakishalala, mpe simu mkononi. Mwoneshe ulichokuwa ukitazama, mweleze yote, hata hilo jina la Bi Harusi. Atacheka, mwache acheke. Ila usiseme "nilikuwa natazama tu" ukaishia hapo. Mwambie kwa nini ulimficha. Aibu aliyoipata mumewe kwa wenzake ni jambo ambalo mke anastahili kulijua kabla ya mtu mwingine.

Kuhusu kasoro: huna. Nakuambia kwa moyo wangu wote, maana naona linakuumiza. Hao hao wanaokucheka wanapenda picha za mapenzi, ila hawaziiti hivyo. Wao wanaziita picha za ngumi au za jela. Chukua *Rocky* ya mwaka 1976, ile ya bondia wa Philadelphia. Steringi ni mtu wa kudai madeni ya watu, hana mbele wala nyuma, anampenda Adrian, binti mwenye haya anayeuza kwenye duka la wanyama. Siku anamtoa matembezi, ukumbi wa kuteleza kwenye barafu umeshafungwa. Anamlipa mhudumu wapewe dakika 10. Binti anateleza, yeye anakimbia pembeni na viatu vyake vya kawaida, anaongea bila kupumzika. Mwishoni anapoteza pambano kwa pointi, waandishi wamemzonga, naye hana habari na matokeo, anaita jina la mwanamke. Kama hayo si mapenzi, ni nini? Siku wakikuanza tena ufukweni, usibishane nao. Waulize tu: kengele ya mwisho ilipolia, Rocky alimwita nani?

Wanaume wengi niliowasikiliza huguswa mapenzi yakimgharimu mtu kitu. Maneno matamu matupu huwachosha. Nadhani hata wewe ndicho kinachokuliza. Katika *Veer-Zaara* ya mwaka 2004, rubani wa Kihindi anakaa jela ya Pakistani miaka 22, amekubali kuitwa kwa jina lisilo lake ili heshima ya Zaara isiguswe. Mwanaume anayeitazama akabaki na macho makavu sitamsema vibaya, lakini wewe uliyelia usijione umepungua.

Sasa ya kutazama na mkeo. Ningekuwa wewe ningeanza na *Dilwale Dulhania Le Jayenge* ya mwaka 1995. Ni ndefu, zaidi ya saa 3, na huko Mumbai ukumbi wa Maratha Mandir uliionesha mfululizo hadi ikatimiza wiki 1,000 mwaka 2014. Mama wa Simran, yule binti, anamletea Raj, kijana anayempenda, vito vya dhahabu na kumwambia: mchukue mwanangu mkimbie. Raj anakataa. Anataka apewe binti kwa mkono wa baba yake, na anabaki pale pale kuhangaika na wazee. Kwetu sisi, tunaojua posa inavyopelekwa na mshenga anavyozungushwa, hapo hakuna haja ya kuelezwa. Mkeo atakuuliza wewe ungefanyaje, basi jiandae kujibu.

Usianze na zile za watu wawili wanaotembea mjini usiku kucha wakizungumza. *Before Sunrise* ni nzuri mno, naipenda, lakini ni ya baadaye, mkishazoea. Kama Kiingereza au Kihindi kinamtatiza, tafuteni iliyotafsiriwa. Msipoipata, mtafsirie mwenyewe, hata ukiruka maneno. Sauti yako ndiyo aliyoikosa. Hedifoni ziweke kando, simu iegemezeni kwenye kitu, kaeni upande mmoja.

Na jambo moja nakukataza: picha ikiisha usimpime mkeo kwa Zaara wala Simran, naye mwombe asikupime kwa Shah Rukh Khan, steringi wa picha zote mbili za Kihindi. Nimepokea barua nyingi za nyumba zilizonuniana kwa "unaona wenzako?" Zungumzeni kuhusu picha yenyewe, nani kakosea, nani kaonewa, mpaka usingizi uwachukue.

Ya kwanza chagua wewe. Ya pili achague yeye, na akichagua ya ngumi uitazame mpaka mwisho.