Ukuta wa Dohani Usiogusika

SWALI: Sebuleni kwetu tuna hita ya gesi ambayo dohani yake ya chuma hupanda ndani ya ukuta na kupita kwenye chumba cha watoto ghorofani. Siku hizi, ikishawaka kwa saa moja hivi, ukuta wa chumba hicho huwa wa moto kiasi kwamba siwezi kuuwekea kiganja, na rangi yake imeanza kugeuka kahawia. Fundi aliyetufungia anasema chuma hakikosi kupata moto. Je, tuendelee kuitumia?

JIBU: Hapana. Izimeni leo, mfunge na vali yake ya gesi, na watoto walale chumba kingine hadi ukaguzi ukamilike.

Fundi wenu amesema nusu ya ukweli. Dohani hupata moto kweli, na joto hilo ndilo linalofanya moshi uwe mwepesi, ukapanda na kutoka nje; lakini ukuta unaoizunguka haupaswi kuchoma mkono, kwa sababu bomba hutakiwa kuachiwa nafasi kati yake na chochote kinachoweza kuungua, au liwe la kuta mbili lenye kizuia joto katikati. Ubao unaopashwa joto kwa miezi mingi hukauka, hugeuka polepole kuwa kama mkaa, kisha huweza kushika moto kwenye joto ambalo ubao mpya ungelistahimili. Ikiwa humo ndani mna boriti, rangi ya kahawia mnayoiona huenda ni sehemu ndogo tu ya kilichokwisha kutokea.

Nimeshtushwa zaidi na maneno yako "siku hizi", kwani yanaonyesha kuna kitu kimebadilika. Huenda presha ya gesi imepandishwa, au nozeli (kipande kinachopitisha gesi kwenda kwenye mwali) iliyobadilishwa ina tundu kubwa kuliko linalotakiwa, hita ikawa inachoma gesi kupita kiwango chake. Au, jambo ambalo ni baya zaidi, kiungo cha bomba kimeachana ndani ya ukuta, na moshi unavujia humo.

Moshi huo unaweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kama kuna mwenye kuumwa kichwa au kusikia kichefuchefu akiwa nyumbani na kupata nafuu akitoka, amweleze daktari habari za hita hii. Msitegemee rangi ya mwali pekee kujua kama gesi inaungua vibaya, maana hita za makaa ya bandia zimetengenezwa ziwake kwa mwali wa njano; angalieni pia kama kuna masizi. Fungeni king'ora cha kaboni monoksidi sebuleni, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita, na kingine chumbani kwa watoto.

Mwiteni fundi mwenye leseni ya gesi, apime presha na kuilinganisha na kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye hita, kisha aikague dohani yote, pamoja na sehemu iliyofichwa ukutani. Akisema hakuna haja ya kuupasua ukuta, na hana njia nyingine ya kuona ndani, tafuteni mwingine.