Dada, nywele zangu zimegeuka ufagio

Wiki hii simu imejaa meseji za vumbi. Ndo msimu wake, mvua zilishakata, upepo unavuma kutwa, hapa Dodoma mtu akipanda bodaboda Nkuhungu akishuka Majengo nyusi zimeshakuwa nyekundu. Nimechagua tatu.

*Dada habari za kazi. Nimehamia Dodoma kikazi toka Dar mwaka jana, nakaa Ilazo. Kule nywele zangu za asili zilikuwa laini zenyewe, huku zimekuwa kama ufagio wa chelewa, nikichana zinakatika, chanuo linajaa. Shampuu nimebadilisha nne, mafuta ndo usiseme. Msusi ananiambia niweke dawa niachane na shida. Niweke? – Mgeni wa Ilazo*

Usiweke. Sijasema dawa ni dhambi, mi mwenyewe nimeweka miaka, ila nywele inayokatika haiwekewi dawa, utabaki na kilemba tu mdogo wangu.

Hebu nenda jikoni ufungue birika la umeme uchungulie chini. Umeona yale magamba meupe? Hiyo ni chokaa, na maji yaliyoiacha humo ndo hayohayo unayooshea kichwa. Maji ya huku mengi yanatoka chini ya ardhi, visima vya Makutupora huko, yanapita kwenye miamba yanabeba kalsiamu na magnesiamu, halafu yakikutana na sabuni badala ya povu unapata ule utando kama wa maziwa yaliyoganda, si umeuona pembeni ya beseni ukishafua? Sasa utando huo unakaa kwenye unywele, mafuta unayopaka yanaishia juu yake, unapaka tena, unashangaa mbona kichwa kinang'aa na bado kikavu. Halafu Dar hewa yenyewe ina maji, ukitoka nje asubuhi nywele zinakunywa bure, huku kiangazi hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, kwahiyo nywele inapigwa huku na huku.

Mi nilipotoka Tanga nilimlaumu msusi mpaka nikahama saluni, nikikutana naye sokoni nageuzia uso kwenye nyanya. Kumbe masikini hana kosa, kosa la bomba.

Fanya hivi. Acha kuoshea nywele sabuni ya mche, hiyo ndo inayotengeneza utando, shampuu ina nafuu kubwa na moja inatosha, hizo nne wagawie wifi zako. Maji ya kuoshea chemsha usiku, yaache yapoe, asubuhi mimina ya juu taratibu, yale ya chini yenye unga mweupe mwaga. Hayatakuwa kama ya mvua lakini utaona povu linavyobadilika (chumvi yenyewe haitoki kwa kuchemsha, usije ukanidai). Kila baada ya wiki 2 ukimaliza kuosha chukua kijiko kimoja cha chakula cha siki, changanya na lita moja ya maji, jimwagie, kaa dakika mbili tatu, suuza. Harufu inaisha zikikauka, usiogope kunuka kachumbari ofisini. Ila kama kichwa kina vidonda siki subiri kwanza, utalia.

Mafuta paka nywele zikiwa bado na unyevu, kidogo tu, na usihangaike na ya bei mbaya, alizeti ya kwetu hii ya kukaangia inafanya kazi vizuri. Usiku funga kitambaa cha satini, foronya za pamba zinanyonya mafuta yote. Mchana upepo ukichachamaa suka mabutu makubwa au twende kilioni ufunge kilemba juu, na mwambie msusi asivute, ukiona paji la uso limekaza mpaka huwezi kukunja sura fumua siku hiyohiyo. Mvua zikianza Desemba tega ndoo. Mi nina dumu la lita 20 la maji ya mvua ya kichwa tu, mume wangu alioshea pikipiki siku moja, tulinuniana hadi Jumapili.

*Dada mambo, kila nikinyoa ndevu natoka vipele shingoni na kidevuni, kinyozi ananipaka spiriti naungua balaa ila haviishi. – Bachela, Area C*

Poa mdogo wangu. Spiriti haina kosa na haina msaada hapo. Ndevu zetu zimejikunja, ukizikata mpaka chini kabisa ncha inarudi kujichoma ndani ya ngozi, ndo hicho kipele. Mwambie asikwangue, aache kama milimita moja, apite mara moja tu na kufuata zinakolala. Nunua mashine yako uwe unaenda nayo, na vipele acha kuvitumbua. Vikianza kuwa vigumu kisogoni nenda ukaonwe hospitali mapema, vile vikishakuwa vinundu vinasumbua.

*Shikamoo dada. Paka wetu Chausiku anashinda kwenye vumbi, akiingia ndani makochi yote yanakuwa mekundu. Juzi nimemwogesha kwa maji ya Dettol nimuue na viroboto, akaanza kutoka udenda, nikaogopa. Ana vipara viwili karibu na sikio, na mwanangu wa miaka sita naye ametoka duara kichwani linawasha. – Mama wa Nkuhungu*

Marahaba mama. Dettol hapana kabisa! Ini la paka haliwezi kuivunja, na paka akishalowa anajilamba mwili mzima, kwahiyo umempaka ni kama umemnywesha. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo usiguse, inaua paka. Msuuze leo kwa maji matupu ya uvuguvugu, udenda ukiendelea au akitetemeka usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akipona mpeleke tu kwa ajili ya vipara, maana hayo yananukia mapunye, na mapunye paka na mtoto wanapeana. Mtoto naye hospitali, usimpake krimu ukakaa, fangasi wa kichwani wanakaa kwenye shina la unywele krimu haifiki, anapewa vidonge na ni wiki 6 mpaka 8, usikatishe duara likianza kufifia. Chanuo lake asichangie na mtu.

Vumbi la kawaida wala halihitaji maji. Paka anajisafisha mwenyewe kutwa, wewe mchane mlangoni kwa chanuo la meno madogo kabla hajaingia. Ikibidi kumwogesha mkate kucha ncha, tandika taulo chini ya beseni asiteleze, maji yaishie tumboni, mwagia kwa kopo kuanzia shingoni kurudi nyuma, sabuni iwe ya paka, usoni pitisha kitambaa tu. Na funga dirisha. Wangu alipita na povu lake lote akaenda kujigaragaza kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga, nikaanza upya.